Aliwaimbisha Waingereza kwa gini 15

Samuel Coleridge-Taylor hatajwi sana siku hizi, hata na wapenzi wa nyimbo za kwaya. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa vigumu kuupata mji wa Uingereza wenye kwaya ya maana ambao haukuwa umeimba utungo wake mkubwa juu ya shujaa Hiawatha. Vitabu vya nota zake vilinunuliwa na waimbaji kwa maelfu. Wakati huo huo mwenye kuutunga alikuwa akipanda treni asubuhi na kushuka usiku. Leo anafundisha huku, kesho anaongoza kwaya kule, kesho kutwa ni mwamuzi wa mashindano, ili mke wake na watoto wawili wapate kula. Alipofariki mwaka wa 1912 alikuwa na umri wa miaka 37 tu.

Habari za watunzi wakubwa wa muziki mara nyingi huelezwa kana kwamba walikaa dirishani wakingojea sauti kutoka mbinguni. Huyu alikuwa mfanyakazi, tena mfanyakazi mweusi katika nchi ya wazungu, na malipo ya kazi yake iliyovuma zaidi yanajulikana.

Alizaliwa London, mtaa wa Holborn, tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa kijana wa Sierra Leone aliyekuja Uingereza kusomea udaktari. Mama yake, Alice Martin, alikuwa Mwingereza. Wawili hao hawakuoana. Daktari Taylor alirejea Afrika Magharibi kabla mtoto hajazaliwa, na huenda wakati huo hakujua kwamba amemwacha mwanamke na mimba. Baadaye alipata cheo katika serikali ya kikoloni huko Gambia, na huko ndiko alikofia mwaka wa 1904. Baba na mwana hawakupata kuishi chini ya paa moja.

Mama alimpa mtoto jina la mshairi mashuhuri wa Kiingereza, Samuel Taylor Coleridge, akiyapindua maneno mawili ya mwisho. Nyumbani aliitwa Coleridge tu. Alilelewa Croydon, kusini mwa London, katika nyumba ya babu mzaa mama, Benjamin Holmans, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapigilia farasi viatu vya chuma. Haikuwa nyumba ya watu wenye mali. Lakini mzee huyo alijua kupiga fidla, na ndiye aliyemwekea mjukuu wake chombo hicho mkononi na kumwonyesha namna ya kukishika. Mama alipoolewa baadaye aliolewa na mfanyakazi wa reli.

Mtoto mweusi mwenye fidla katika mtaa kama huo hakuweza kupita bila kuonwa. Bwana mmoja mfanya biashara ya hariri, Kanali Herbert Walters, aliyekuwa akisimamia kwaya ya kanisa hapo Croydon, alimchukua akawa mwimbaji wake, na mwaka wa 1890 akasaidia kumwingiza katika Chuo cha Kifalme cha Muziki, London. Inasemekana mkuu wa chuo, George Grove, alisita kidogo akifikiria wanafunzi wengine watamwonaje mwenzao wa rangi hiyo, kisha akamkubali. Kijana alikuwa na miaka 15.

Aliingia kama mpiga fidla. Baada ya miaka miwili hivi ikawa wazi kwamba kipawa chake kiko katika kutunga, akapelekwa kwa mwalimu Charles Villiers Stanford, mtu mkali aliyesifika kwa kuwararua wanafunzi wake. Miongoni mwa waliosoma chuoni siku hizo walikuwamo Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams, ambao majina yao baadaye yalikuja kuwa makubwa kuliko lake. Wakati ule, hata hivyo, Coleridge-Taylor ndiye aliyewatangulia. Stanford aliwahi kutamka darasani kwamba hakuna mtu atakayeweza tena kuandika muziki wa klarineti na fidla pamoja bila kumwiga Mjerumani Brahms. Kijana akaenda kuuandika, mwaka wa 1895. Mwalimu aliuchukua hadi Berlin akamwonyesha mpiga fidla maarufu Joseph Joachim, rafiki wa Brahms mwenyewe, naye akaupiga pamoja na wenzake. Kwa mwanafunzi wa miaka 20 hilo si jambo dogo.

Mlango mkubwa ulifunguliwa mwaka wa 1898. Edward Elgar, mtunzi aliyekuwa anaanza kupata sifa, aliombwa kutunga kipande kwa ajili ya tamasha la muziki la mji wa Gloucester. Alikuwa na kazi nyingi, akawaambia waandalizi wamtafute huyu kijana. Kipande hicho cha okestra kilipigwa mwezi wa Septemba mwaka huo na kikapendwa sana. Miezi miwili baadaye, tarehe 11 Novemba, ukumbi wa chuo chake ukajaa watu waliokuja kusikia utungo mpya wa kwaya, okestra na sauti moja ya kiume ya juu, ulioitwa Hiawatha's Wedding Feast, yaani Karamu ya Arusi ya Hiawatha. Stanford mwenyewe ndiye aliyeongoza. Sir Arthur Sullivan, bingwa wa michezo ya kuimba, alikuwa mgonjwa siku hizo, lakini alijikokota akaja.

Maneno ya utungo huo yalitoka katika utenzi mrefu wa Mmarekani Henry Wadsworth Longfellow, uliochapishwa mwaka wa 1855, unaosimulia habari za shujaa wa Wahindi Wekundu, yaani wenyeji asilia wa Marekani. Mapigo ya utenzi huo ni yale yale toka mwanzo hadi mwisho, na watu wengi huyaona ya kuchosha. Coleridge-Taylor aliyapenda. Aliyatandaza juu ya tuni zilizo wazi, zenye kukumbukika, ambazo mwimbaji wa kawaida, karani au fundi cherehani, angeweza kujifunza baada ya kazi. Hapo ndipo siri ya kusambaa kwake. Uingereza ya siku hizo ilikuwa imejaa kwaya za makanisa, za viwanda na za miji, na kila moja ilikuwa ikitafuta kitu kipya kisichozidi uwezo wake. Utungo huu ulichukua kama nusu saa tu, na haukuhitaji zaidi ya mwimbaji mmoja wa kukodiwa.

Sasa tuje kwenye pesa. Coleridge-Taylor aliuza utungo huo kwa kampuni ya wachapishaji ya Novello kwa gini 15. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza, kwa hivyo alitia mfukoni pauni 15 na shilingi 15, na baada ya hapo nota hazikuwa zake tena. Nakala zikauzwa mwaka hata mwaka. Mtunzi hakuwa na fungu katika mauzo hayo, wala hakupata kitu kwaya zilipouimba mbele ya umati uliolipa kiingilio. Vijana wetu waliowahi kuuza wimbo kwa pesa taslimu mlangoni mwa studio wanalifahamu jambo hili bila kuelezwa.

Ni haki kusema kwamba wachapishaji hawakumwibia. Ndivyo biashara ilivyokuwa. Mtunzi asiye na jina alipewa kiasi fulani mara moja, na mchapishaji akabeba hasara kama nota zingebaki ghalani. Tena wachapishaji wa muziki wa aina hii walitafuta faida yao katika kuuza karatasi, si katika kutoza maonyesho. Kijana wa miaka 23, asiye na baba wala akiba, angewezaje kukataa gini 15 mkononi? Lakini haki ya kisheria na haki ya moyoni ni vitu viwili. Utungo wenye kuleta faida miaka nenda miaka rudi ulimlipa aliyeutunga chini ya pauni 16.

Aliandika sehemu mbili za kuuendeleza, Kifo cha Minnehaha mwaka wa 1899 na Kuondoka kwa Hiawatha mwaka wa 1900. Hizo aliziuza kwa bei nzuri zaidi, lakini nazo aliziuza moja kwa moja. Utungo wote watatu kwa pamoja uliimbwa katika ukumbi mkubwa wa Royal Albert Hall mwezi wa Machi 1900. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kumwoa Jessie Walmisley, aliyesoma naye chuoni, ambaye jamaa zake waliipinga sana ndoa hiyo kwa sababu ya rangi ya bwana arusi. Walioana Desemba 1899. Mtoto wa kiume alipozaliwa mwaka uliofuata aliitwa Hiawatha. Wa pili, msichana, alizaliwa mwaka wa 1903.

Kuanzia hapo hadi mwisho maisha yake ni orodha ya safari za treni. Alifundisha fidla Croydon. Aliongoza kwaya ya Rochester. Mwaka wa 1903 alianza kufundisha utunzi katika chuo cha Trinity, London, na mwaka wa 1904 akawa kiongozi wa Handel Society, chama cha waimbaji na wapigaji wasiolipwa, kazi aliyoifanya mpaka alipofariki. Mwaka wa 1910 akaongezewa madarasa katika shule ya muziki ya Guildhall. Katikati ya hayo alikwenda Wales kuwa mwamuzi wa mashindano ya nyimbo. Wasomaji waliowahi kukaa siku nzima katika Kenya Music Festival wakisikiliza wimbo mmoja ukiimbwa na kwaya kumi na tano mfululizo watakadiria ni kazi gani hiyo kwa mtu mwenye tuni zake mwenyewe kichwani.

Alitunga wakati gani basi? Alitunga kabla ya watu kuamka, na njiani. Mwigizaji na mwenye jumba la michezo Herbert Beerbohm Tree alimwita mara kwa mara atunge muziki wa michezo yake, Herod mwaka wa 1900, Ulysses 1902, Nero 1906, Faust 1908, na Othello ya Shakespeare mwaka wa 1911. Kazi ya namna hiyo ina tarehe yake. Pazia likifunguliwa muziki uwe tayari, la sivyo hakuna malipo. Waandalizi wa matamasha nao walimtaka kila mwaka awape Hiawatha mwingine. Hakuweza, na mara nyingi alichowapa kilikuwa dhaifu. Lazima isemwe wazi kwamba baadhi ya tungo zake za kwaya za miaka hiyo zinaonyesha haraka. Mtu anayeandika ili alipe bili ya makaa hana nafasi ya kuacha karatasi ilale mwezi mzima halafu airudie.

Kilichomtoa katika mzunguko huo ni Afrika, ingawa hakupata kuiona. Akiwa kijana alikutana London na mshairi mweusi wa Marekani, Paul Laurence Dunbar, akayatia muziki baadhi ya mashairi yake. Alizisikia nyimbo za kiroho za waliokuwa watumwa kutoka kwa waimbaji wa Fisk, waliokuja na kiongozi wao Frederick Loudin, na nyimbo hizo zikamkaa. Mwezi wa Julai 1900, wakati Henry Sylvester Williams wa Trinidad alipoitisha mkutano wa kwanza wa Waafrika wa pande zote za dunia hapo London, Coleridge-Taylor alikuwa mmoja wa wajumbe na ndiye aliyeshughulikia muziki. Hapo alikuwapo pia W. E. B. Du Bois. Huyu mtunzi mpole, mfupi, mwenye haya, alikuwa ameamua kuwa damu ya baba yake si jambo la kuficha.

Weusi wa Marekani walimwona mapema kuliko yeye alivyowaona. Mwaka wa 1901 watu wa Washington walianzisha chama cha kwaya wakakipa jina lake. Waimbaji wake wote walikuwa weusi, karibu 200, na nia yao ilikuwa kuimba Hiawatha huku mtunzi mwenyewe akiwa mbele yao. Ilichukua miaka mitatu kumpata. Alipofika Novemba 1904 aliikuta kwaya iliyoujua utungo huo barabara, na kwa upande wa vyombo akapewa bendi ya wanamaji wa serikali, ambao walikuwa wazungu. Fikiria nchi ilivyokuwa mwaka huo: mtu mweusi alikuwa akinyongwa mtini na umati bila kesi, na katika majimbo ya kusini hangeweza kuketi katika behewa moja na mzungu. Na hapo Washington bendi ya wanamaji wazungu ilikuwa ikifuata kijiti cha mtu mweusi. Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha katika Ikulu. Alirudi Marekani mwaka wa 1906, na tena mwaka wa 1910.

Safari hizo zilizaa kazi ambayo mimi naiweka juu ya Hiawatha. Mwaka wa 1905 zilichapishwa nyimbo 24 za watu weusi alizozipanga kwa piano, dibaji ikiandikwa na Booker T. Washington. Nyingi ni za Marekani, lakini alianzia barani kwetu. Baadhi alizipata katika kitabu cha mmisionari wa Kiswisi Henri-Alexandre Junod juu ya Waronga wa Msumbiji, wakaao karibu na Maputo ya leo. Alichukua tuni ya kuimbwa kijijini, akaiandika kwanza kama ilivyo, halafu akaijengea nyumba ya piano, kama Brahms alivyofanya kwa nyimbo za Hungary na Dvořák kwa zile za Bohemia. Kuna watakaosema kwamba nyumba yenyewe ni ya Kizungu mno, na si uongo. Lakini katika mwaka wa 1905 ni nani mwingine aliyekuwa akiuketisha wimbo wa Waronga kwenye piano za London kama kitu cha heshima?

Huko Croydon, umaarufu haukumwondolea matusi. Vijana wa mtaani walimpigia kelele njiani juu ya rangi yake na nywele zake. Binti yake alikumbuka uzeeni kwamba walipokuwa wakitembea pamoja na kundi kama hilo likatokea mbele, baba aliufinya mkono wake kwa nguvu mpaka karibu uume. Hakuwajibu wale wavulana. Lakini mapema mwaka wa 1912, mhadhara mmoja uliposomwa karibu na kwake juu ya kile kilichoitwa tatizo la mtu mweusi, aliandika barua kali katika gazeti la hapo akiukemea ujinga wa waliozungumza bila kujua. Hiyo ndiyo mara moja aliyoonekana hadharani amekasirika hasa.

Mwaka huo alikuwa katika kilele cha uwezo wake. Utungo wake wa kwaya juu ya kisa cha Japani, ulioimbwa mwaka wa 1911, ulipendwa karibu kama Hiawatha. Mpiga fidla wa Marekani Maud Powell alikuwa amemwomba utungo wa fidla na okestra. Aliuandika mara ya kwanza kwa kutumia nyimbo za weusi, hakuridhika, akauweka kando wote akaanza upya. Huo mpya ulipigwa Norfolk, jimbo la Connecticut, mwezi wa Juni 1912. Hakuwapo, wala hakuwahi kuusikia ukipigwa.

Tarehe 28 Agosti alikwenda kituo cha treni cha West Croydon, kama alivyokwenda maelfu ya siku nyingine. Hapo jukwaani alianguka. Alijikongoja hadi nyumbani akalala, na ikaonekana kuwa ni homa ya mapafu. Mkewe alisimulia kwamba saa za mwisho aliketi kitandani akiongoza kwa mikono okestra isiyokuwapo, akiupiga utungo wake wa fidla. Alifariki tarehe 1 Septemba, akazikwa Bandon Hill. Madaktari waliandika nimonia. Rafiki zake walisema ni kazi, na ukitazama ratiba yake ni vigumu kuwabishia.

Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza hesabu. Mjane na watoto wawili hawakuachiwa chochote na utungo ambao nchi nzima ilikuwa ikiuimba. Tamasha la kumkumbuka lilifanywa Royal Albert Hall mwezi wa Novemba ili wachangiwe, na Mfalme George wa Tano akampa Jessie malipo ya pauni 100 kwa mwaka. Mwaka wa 1914 wachapishaji na watunzi wa Uingereza waliunda chama cha kukusanya ada kila muziki wao unapopigwa hadharani, na kisa cha Coleridge-Taylor kilikuwa mojawapo ya hoja zilizotajwa mara nyingi. Ada ya namna hiyo ndiyo inayodaiwa leo katika hoteli na vituo vya redio karibu kila nchi, nasi tukiwemo.

Hiawatha hakufa na mtunzi wake. Kuanzia mwaka wa 1924 hadi vita vilipozuka mwaka wa 1939, aliimbwa karibu kila mwaka pale Royal Albert Hall kwa maonyesho ya siku nyingi, mamia ya waimbaji Waingereza wakiwa wamevaa manyoya kichwani na kujipaka rangi usoni. Baada ya vita mtindo huo ukapotea, na jina la mtunzi likapotea nao. Opera yake pekee, Thelma, aliyoimaliza karibu mwaka wa 1909 na hakuna kampuni iliyoikubali, ilidhaniwa imepotea hadi nota zake zilipotambuliwa katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Iliimbwa kwa mara ya kwanza Croydon, mwezi wa Februari 2012.

Watoto wote wawili walifuata muziki. Binti, aliyejulikana kama Avril, alikuwa mtunzi na kiongozi wa okestra. Alikwenda Afrika Kusini mwaka wa 1952 na kuongoza okestra huko, akipokewa kama mzungu na bila kuulaumu ubaguzi aliouona, mpaka serikali ilipogundua babu yake alikuwa nani na kumnyima kazi. Ghana ilipojipatia uhuru mwaka wa 1957, ni yeye aliyetunga mwendo wa gwaride kwa sherehe hiyo.